Kuhusu medali za wazee wa Keya

Mombasa

Mpendwa Mwakio,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo Maktau. Nimefurahi kusikia mmepata chumba cha kuwekea vitu vya babu zetu waliokwenda vitani na Keya, jeshi la Waingereza la King's African Rifles.

Kabla ya kabati, nunua daftari gumu. Medali isiyojulikana ya nani imekwisha kupoteza nusu ya thamani yake, na wanaoyakumbuka majina ni wazee sana. Andika mbele ya familia: nani aliivaa, ukoo na kijiji chake, nani ameileta, ameitoa kabisa au ameiazimisha. Pande zote mbili zitie sahihi, kila mmoja abaki na nakala. Bila hivyo, mjukuu mmoja atatoa na mwingine atakuja kudai.

Medali za Vita vya Kwanza vya Dunia zenyewe zinasema. Ile ya fedha na ile ya shaba ya ushindi zimepigwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Nyota ya 1914-15 imeandikwa mgongoni. Mulika tochi kwa ubavu, herufi zilizolika zitajitokeza, kisha piga picha. Za Vita vya Pili zilizopewa Keya kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo cheti cha kuachishwa jeshi ndicho ushahidi wenu. Usikitenganishe na medali yake. Nyota ya Burma, ya waliokwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, utepe wake ni bluu iliyokoza, nyekundu katikati, na michirizi ya rangi ya chungwa. Tepe hubadilishwa hovyo, basi usimtambue mtu kwa utepe peke yake.

Nakusihi, msisugue! Dawa ya kung'arishia shaba hula metali yenyewe, na kinacholika kwanza ni jina la ukingoni. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Utepe usifuliwe, rangi hutoka. Shika kwa glavu, maana jasho huacha alama za vidole zisizofutika. Mifuko ya plastiki laini inayonuka hutoa mvuke unaogeuza shaba kuwa kijani. Tumia bahasha za karatasi isiyo na asidi. Vyeti vilivyochanika visiunganishwe kwa seloteipu, gundi yake hugeuka kahawia na kupenya. Namba ya kitu iandikwe kwa penseli kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi wa pamba.

Vijana watawaletea pia maganda ya risasi kutoka Salaita, kilima cha karibu na Taveta ambako shambulio la Waingereza la tarehe 12 Februari 1916 lilishindwa. Tazama kitako. La Waingereza, .303, lina ukingo uliotokeza nje ya mwili. La Mauser mpya ya Kijerumani halina, lina mfereji tu. Ganda nene la milimita 11, ambalo nalo lina ukingo, ni la bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ambayo askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado wanaibeba vita vilipoanza. Baruti yake nyeusi ilitoa moshi uliowafichua. Ganda bila mahali lilipookotwa halielezi lolote, basi waulize kabla hawajasahau. Ndani ya hifadhi ya Tsavo kisiokotwe kitu.

Na risasi yenye kichwa chake bado, au bomu, lisiguswe wala kubebwa kuletwa chumbani. Wekeni alama kwa mbali na mwite polisi. Miaka mia haiondoi hatari. Vilipuzi vya zamani huweza kuzidi kuwa vyepesi kulipuka.

Ukishapiga picha za kingo nitumie, tusome pamoja vifupisho vya vikosi.

Ndugu yako,
Athumani