Kidole kina mashahidi, pafu halina

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kwamba sheria ya fidia haina utata: mtu akiumia kazini analipwa, basi. Nadhani ndugu yetu huyo hajawahi kuugua kwa sababu ya kazi. Kuumia ni jambo moja, kuugua ni jingine, nami yamenikuta hayo ya pili.

Nilifanya kazi miaka kumi na tisa katika kiwanda cha kusokota nyuzi, chumba cha kuchana pamba. Hakuna chumba chenye vumbi kama hicho. Asubuhi unaingia na nywele nyeusi, jioni unatoka bibi kizee. Mwenzangu wa zamu moja alinaswa na mashine mkono wa kushoto, vidole viwili vikaenda. Siku ile ile msimamizi akajaza daftari la ajali: saa, mashine, jina, mashahidi watatu. Mmoja wa mashahidi nilikuwa mimi, nikatia sahihi kwenye ukurasa uliokuwa na doa la damu. Daktari akampima, akatoa asilimia ya ulemavu wa kudumu, fidia ikaja. Haikuja upesi wala haikuwa nene, lakini ilikuja, na hakutakiwa kuthibitisha kwamba kosa lilikuwa la mwajiri. Huo ndio msingi wa sheria hizi tangu Ujerumani ilipotunga ya bima ya ajali kazini mwaka 1884 na Uingereza ikafuata kwa namna yake mwaka 1897. Katika nchi nyingi mwajiri naye hupata chake: akishachangia mfuko au bima, haburutwi tena mahakamani kwa kila ajali.

Yangu yalianza siku za Jumatatu. Nikirudi kazini baada ya mapumziko, kifua kinabana kama nimefungwa kanga mbichi. Jumanne nafuu, Alhamisi nimeshasahau. Tulitaniana kwamba huo ni uvivu wa Jumatatu, na tuliokuwa nao tulikuwa wengi. Miaka ikapita, Jumatatu ikawa wiki nzima. Niliacha kazi ngazi ziliponishinda. Nikapewa dawa za kikohozi, kisha za pumu, kisha tena za kikohozi, mpaka nikakutana na daktari mmoja mtu mzima aliyeniuliza, "Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikamwambia. Akauliza, "Na Jumatatu je, kifua kilikuwaje?" Nilimwangalia kama mpiga ramli. Ugonjwa wenyewe unaitwa bisinosi, unatokana na vumbi la pamba. Baadaye nilikuja kusoma kwamba daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliwahimiza madaktari wenzake wamuulize mgonjwa kazi yake. Hiyo ilikuwa mwaka 1700. Mimi swali hilo limenifikia mapafu yakiwa yameshachoka.

Nikaenda kudai. Karani, kijana mpole tu, akashika kalamu: "Tarehe ya kuumia, mama?" Nikamwambia andika Jumatatu. Akacheka, nikacheka, nikaishia kukohoa. Fomu ina kisanduku kimoja cha tarehe, na bila tarehe haipokelewi. Tulipoandika siku yangu ya mwisho kazini, jibu likaja kwamba muda wa kudai umepita. Nimeulizwa pia kama nimewahi kuvuta sigara. Sijawahi. Na nimeambiwa nilete vipimo vya vumbi la chumba kile, kana kwamba mfanyakazi hutoka nyumbani na mizani ya kupimia hewa.

Sheria imekuwa nzito kwa wagonjwa tangu mwanzo. Hao Wajerumani waliowahi kulinda vidole mwaka 1884 walingoja hadi 1925 ndipo wakaingiza magonjwa kwenye bima hiyo, nayo yalikuwa kumi na moja. Waingereza walianza na sita mwaka 1906. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1925 ulitaja matatu tu: sumu ya madini ya risasi, sumu ya zebaki na kimeta. Leo orodha ya shirika hilo, iliyorekebishwa mwaka 2010, ni ndefu na bisinosi imo. Kwa hiyo hatubishani tena kama ugonjwa upo. Tunabishania tarehe na ushahidi.

Na jibu la ushahidi lipo tangu zamani. Pendekezo la shirika hilohilo la mwaka 1964 linasema mtu aliyefanya kazi penye hatari kwa muda uliowekwa, dalili zikajitokeza ndani ya muda uliowekwa baada ya kuiacha kazi hiyo, achukuliwe kuwa ugonjwa ameupata kazini, mpaka ithibitishwe vingine. Mwenye shaka ndiye atafute vipimo. Tarehe nayo ihesabiwe tangu siku daktari alipoutaja ugonjwa, kwa sababu kabla ya hapo ningedai nini? Uvivu wa Jumatatu?

Msomaji mwenzangu asije akadhani sisi ni wachache. Shirika hilo lilikadiria mwaka 2023 kwamba kazi huua karibu watu milioni 3 kila mwaka duniani. Ajali ni kama 330,000. Wengine, milioni 2.6, ni magonjwa. Daftari la ajali linawafahamu wale wa kwanza.

Nimekata rufaa. Wametaka mashahidi wawili waliofanya kazi nami chumba kile. Mwenzangu wa vidole amekubali, na sahihi atatia kwa mkono wa kulia. Wa pili namtafuta. Wawili niliowaulizia nimeambiwa wameshazikwa, na mwingine hawezi kupanda ngazi za ofisi ile.

Mchana pamba mstaafu