YAH: MALALAMIKO KUHUSU USAILI WA WAHITIMU NA FEDHA MLIZOWATOZA KWA JINA LETU

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba tuliosaini, ninyi kama wakala wa ajira mtutafutie wahitimu wa kuajiri, unao, na masharti yenu unayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitakuchosha kwa kuyarudia. Nakuandikia kuhusu siku ya usaili, na kuhusu afisa uliyemtuma akae nasi mezani.

Binti mmoja alijibu vizuri kuliko wenzake wote. Tulimpa zoezi la kulinganisha ankara na daftari la mauzo, akakamata kosa ambalo hata mhasibu wetu lilimpita. Moyoni nilikuwa nimeshaamua. Nikamuuliza kama naye ana swali kwetu. Akafungua bahasha ya vyeti, akatoa risiti, akaiweka mbele yangu na kuuliza kwa adabu kabisa: "Nikikosa nafasi, hii ada mtanirudishia lini?" Kabla sijaisoma, afisa wenu alinyoosha mkono, akaichukua, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati. "Hayo ni mambo ya ofisini kwetu, dada. Si ulielezwa usiyalete huku?" Halafu akanigeukia mimi, ndani ya ofisi yangu: "Bosi, tuendelee tu. Biashara ndogo haichagui, na wahitimu wako wengi huko nje."

Nataka kuamini kwamba wewe binafsi hukuwa na habari. Lakini mimi nimewalipa. Nusu ya ada yenu mliichukua siku ya kusaini, kabla sijaona hata wasifu mmoja, na nusu nyingine mnadai mtu akishaanza kazi. Mwajiri anamlipa wakala ili anayetafuta kazi asitozwe. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, ibara ya 7, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada wala gharama yoyote, iwe waziwazi au kwa kuzunguka, iwe yote au sehemu. Ibara hiyo hiyo inaruhusu mamlaka kutoa msamaha kwa makundi fulani. Kama mnao msamaha huo kwa kijana aliyemaliza chuo juzi na hajapokea mshahara hata mmoja, nitumieni nakala nione. Na lile bango la mapokezi kwenu linalosema waombaji hawalipi chochote, sijui mnamsomea nani.

Tangazo nalo. Niliwaandikia kwamba tunataka wahitimu wapya, ajira ya kwanza, mafunzo tutatoa wenyewe. Ninyi mkatangaza "uzoefu usiopungua miaka 3". Aliyemaliza mwaka huu ataupata wapi? Wale tuliowataka mliwafungia mlango, kisha waliojipenyeza mkawapanga kwenye wasifu wa muundo mmoja, malengo yaleyale, sentensi zilezile, hata makosa ya tahajia yaleyale. Wasifu wa kijana mmoja ulikuwa na jina la mwenzake juu ya ukurasa wa pili. Aliliona pale mezani, tukiwa tunasoma wote, akawa haangalii tena karatasi. Mlishindwa hata kufuta jina.

Tena kwenye tangazo hilo mlituita "kampuni kubwa inayoongoza". Sisi ni wachache na tunakua, na hivyo ndivyo nilivyotaka waambiwe, ili anayekuja ajue kwamba asubuhi atashika hesabu na mchana atajibu simu za wateja. Kampuni yenye wafanyakazi mia tano ikiajiri asiyefaa, hasara inamezwa kimyakimya. Kwetu huyo mtu mmoja ndiye idara nzima. Kijana aliyeniuliza atakuwa chini ya meneja wa kitengo gani hakuwa na kosa, alikuwa anauliza kuhusu kampuni mliyoitunga ninyi.

Ninachoomba ni ada niliyotanguliza irudishwe ndani ya siku 14, pamoja na barua ya kuomba radhi.

Kabla sijasahau, kuna yule mhitimu wa awali, wa masoko, mliyetuletea kabla ya hawa. Dhamana yenu ya kumbadilisha mtu ni miezi mitatu. Tulimfundisha kila kitu, wateja wakamzoea, akaanza kwenda kwao peke yake. Dhamana ilipoisha tu, akaleta barua ya kuacha kazi. Sikumlaumu, kijana ana haki ya kutafuta pazuri. Ila aliniambia mwenyewe ni nani aliyempigia simu kumtajia nafasi nyingine: afisa wenu huyuhuyu. Yaani mnaniuzia mtu, namfundisha kwa gharama yangu, kisha mnamchukua na kumuuza tena kwa mwingine. Kifungu cha kutogusa wafanyakazi wa mteja mlikiandika ninyi, si mimi. Nilinyamaza wakati ule kwa sababu nilikuwa nahitaji watu haraka.

Sasa turudi mezani, maana naona nimeeleza kama jambo dogo. Binti ameweka risiti. Kidole chake bado kiko juu yake, ananionyesha mahali palipoandikwa kiasi. Mkono wa mwanamume mzima unapita mbele ya uso wake na kuichomoa chini ya kidole hicho. Mhasibu wangu, mama wa makamo ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alisema, "Mrudishie mwenzio karatasi yake." Afisa wenu akacheka. "Ulielezwa usiyalete huku," akamwambia binti tena, na safari hii hakusema dada. Na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kiti cha mwajiri, yaani machoni pa yule binti, na pa wenzake waliokuwa wanasikia kutoka kwenye benchi nje, mimi ndiye niliyekula fedha zao.

Binti alikuwa ameipiga picha risiti hiyo kwa simu, na nakala naiambatanisha. Ina mhuri wenu. Kwenye mstari wa maelezo ya malipo pameandikwa "ada ya nafasi ya kazi", na linalofuata ni jina la biashara yangu. Jina nililosajili, ninalolipia kodi, ninalojibu nalo simu kila siku.

Kwa hiyo zile siku 14 nazifuta. Ni 7, kuanzia siku mtakayopokea barua hii. Ada yangu irudi yote. Kila mhitimu mliyemtoza kwa jina letu, awe tulimsaili au mlimchuja huko huko, arudishiwe fedha yake, nami nipate nakala ya uthibitisho wa kila malipo. Kila mmoja wao aandikiwe barua yenye sahihi yako, inayosema wazi kwamba biashara yetu haikuomba wala haikupokea kitu. Afisa huyo asikanyage tena ofisini kwangu.

Siku ya nane jalada linakwenda kwa mamlaka ya kazi inayotoa leseni yenu, na nakala polisi, kwa sababu kukusanya fedha za watu kwa jina la biashara ya mwingine sidhani kama ni suala la huduma kwa wateja. Wafanyabiashara wenzangu wanaotaka kuajiri wahitimu msimu huu wananiuliza nilipitia kwa wakala gani. Mpaka sasa sijawajibu.

Yule binti tumemwajiri, kwa kumwandikia sisi wenyewe. Jana mmenitumia ankara ya nusu ya pili ya ada kwa ajili yake. Nairudisha ndani ya bahasha hii. Sijailipa na sitailipa.

Mmiliki na Mkurugenzi

Viambatanisho: Picha ya risiti, nakala ya tangazo, wasifu wenye majina mawili, ankara yenu.

Nakala: Mwanasheria wetu.