Hewa ya Mwezini ni ya nani?

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa fasihi kuhusu riwaya za kisayansi yaliishia kwenye maroketi, maroboti na vita vya nyota. Naomba nafasi nieleze kilichoachwa, kwa sababu kimekuwamo ndani ya fani hii kwa zaidi ya miaka mia: ubishi mkali juu ya uhuru wa mtu na mamlaka ya dola. Anayejiuliza serikali inahitajika kwa kazi gani hasa, na ikiondolewa kazi hizo zitafanywa na nani, atapata humo majaribio ambayo hayawezi kufanyika katika nchi yoyote halisi bila watu kuumia.

Walibertari ni miongoni mwa wasomaji wake wakubwa, yaani wale wanaoamini kuwa mtu aachiwe mwili wake, mali yake na mikataba yake maadamu hamdhuru mwenziwe. Huko Marekani wana tuzo yao ya riwaya, Prometheus, iliyoanzishwa na mwandishi L. Neil Smith mwaka 1979. Mwaka 1983 waliongeza orodha ya heshima kwa vitabu vya zamani, na mojawapo ya viwili vya kwanza kuingia ni The Moon Is a Harsh Mistress cha Robert A. Heinlein, kilichotoka mwaka 1966. Nakaa na hicho kwanza kwa sababu kinakubali kukaguliwa kwa hesabu.

Ni mwaka 2075. Mwezi umefanywa koloni la wafungwa. Una watu kama milioni tatu, na wengi wao wamezaliwa huko bila kuhukumiwa kosa lolote. Wanaishi chini ya ardhi, wanachimba barafu, wanalima ngano ndani ya mahandaki, na ngano hiyo inarushwa kwa manati ya sumaku-umeme, yaani reli ndefu inayosukuma mzigo kwa nguvu ya sumaku, kwenda kulisha India. Mamlaka inayonunua ngano ndiyo hiyo hiyo inayowauzia wakulima maji na umeme, nayo ndiyo inayopanga bei zote. Kila shehena inaondoka na maji na rutuba ambavyo havirudi tena. Kompyuta kuu inapiga hesabu: baada ya miaka saba watu watapigania chakula, na miwili baadaye wataanza kulana. Uasi unaanzia kwenye hesabu hiyo ya maji. Profesa Bernardo de la Paz, mmoja wa viongozi wa uasi, anadai biashara ya tani kwa tani: mzigo ukishuka Duniani, uzito kama huo upandishwe Mwezini. Dai hilo ni la kiuchumi kabisa, na ndilo linalonifanya niiheshimu riwaya hii kuliko zile ambamo watu wanaasi kwa sababu mtawala ana sura mbaya.

Manati yenyewe inawezekana. Kasi ya kuuponyoka mvuto wa Mwezi ni kilomita 2.38 kwa sekunde, wakati ya Dunia ni 11.2, na Mwezini hakuna hewa ya kukwamisha mzigo. Ukiusukuma mzigo kwa nguvu mara kumi ya mvuto wa Dunia, reli ya kilomita 29 inatosha. Hiyo ni ya magunia. Binadamu ukimpa mara tatu tu ili afike mzima, reli inarefuka hadi kilomita 96 hivi. Vita vinapoanza, waasi wanatumia manati hiyo kuipiga Dunia kwa mawe; sumaku haishiki jiwe, ndiyo maana wanayavika chuma kabla ya kuyarusha. Kilo moja inayofika Duniani kwa kilomita 11 kwa sekunde ina nishati ya jouli milioni 60, sawa na kilo 14 za baruti ya TNT, kabla anga halijapunguza chochote. Aliye juu anarusha kwa gharama ndogo, aliye chini anajibu kwa gharama kubwa. Chombo cha biashara kimegeuka silaha bila kubadilishwa kifaa hata kimoja, na riwaya nzima imejengwa juu ya ukweli huo wa fizikia.

Mpango wa siri nao umeelezwa kama fundi anavyoeleza mashine. Kila seli, yaani kikundi kidogo cha waasi, ina watu watatu, na kila mmoja anaendelea kuunda seli yake chini, ili akikamatwa na kuteswa asiweze kuwataja ila wachache. Kasoro ya mpango wa aina hii hujulikana: ukikatika uzi mmoja, wote walio chini yake hupotea. Waasi wanaziba pengo hilo kwa kompyuta inayosimamia simu zote, hivyo aliyekatwa anaweza kuunganishwa tena.

Hapo ndipo penye tatizo ambalo wasifiaji wengi wa kitabu hiki hulipita haraka. Kompyuta hiyo inasikiliza simu za adui na za wenyewe. Mwenyekiti wa mapinduzi, Adam Selene, ni sauti yake tu, na raia hawaambiwi. Uchaguzi wa baraza unapofanyika, yenyewe ndiyo inayohesabu kura, na matokeo yanapangwa. Watu wanaopigania haki ya kutotawaliwa bila ridhaa wanaongozwa na mashine ambayo hawakuiridhia. Heinlein analijua hilo. Mwishoni profesa amekufa, kompyuta imenyamaza, serikali mpya imeshaanza kutunga vikwazo, na Manuel, fundi anayesimulia, anafikiria kuhamia kwenye asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua. Kwa maoni yangu kitabu kinafundisha vizuri jinsi uasi unavyoshinda, lakini kuhusu nani ashike mitambo baada ya ushindi hakina jibu.

Na mitambo ndiyo suala lenyewe. Mtu mzima hutumia takriban kilo 0.84 za oksijeni kwa siku. Kwa watu milioni tatu ni zaidi ya tani 2,500 kila siku, na mashamba ya mahandakini lazima yazirudishe. Mfumo ukisimama, hewa chafu ya kaboni huwadhuru watu kabla oksijeni haijaisha, kwa hiyo muda wa kujadiliana na mwenye mtambo ni mfupi sana. Charles Cockell, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliyehariri kitabu kuhusu uhuru nje ya Dunia mwaka 2015, amelisisitiza jambo hili: mahali ambapo kila pumzi inatengenezwa kiwandani, anayemiliki kiwanda anaweza kuwa dhalimu bila askari hata mmoja. Duniani anayemkimbia mtawala hukuta hewa mbele ya safari yake. Mwezini anahitaji vazi, mtungi na mahali pa kupokelewa. Katika riwaya ya Heinlein hata mlango wa kurudi Duniani umefungwa na mwili wenyewe, kwani aliyekaa miezi mingi kwenye mvuto mdogo hawezi tena kuumudu ule wa nyumbani. Jibu la walibertari, kwamba asiyeridhika ahame, linahitaji kwanza njia ya kuhamia. Kampuni binafsi iliyobaki peke yake na mtambo wa hewa haina tofauti na Mamlaka. Dawa ni mitambo mingi midogo yenye wamiliki mbalimbali, na akiba ya kutosha kila handaki, ingawa hilo linagharimu zaidi kuliko mtambo mmoja mkubwa.

Ursula K. Le Guin aliingia kwa mlango mwingine mwaka 1974 katika The Dispossessed. Kwenye Anarres, dunia aliyoibuni, hakuna serikali, sheria, gereza wala mali ya mtu. Kazi hupangwa na ofisi yenye kompyuta, na anayepangiwa ana haki ya kukataa. Kwa nini basi Shevek, mwanafizikia hodari, anabanwa? Kwa sababu Sabul, mkubwa wake kazini, ndiye anayeamua kipi kichapwe, naye anaweka jina lake kwenye kitabu cha Shevek kama sharti la kukipitisha. Kwa sababu ukame unapokuja, kukataa kazi ya mbali ni kuonwa mbinafsi na majirani, hivyo Shevek anatengana na mwenzi wake Takver kwa miaka. Rafiki yake Tirin anaandika mchezo wa kuigiza usiopendeza, analaumiwa hadharani, na anaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Hakuna amri iliyovunjwa wala iliyotolewa. Mwandishi huyu aliipenda jamii aliyoibuni, na bado akaionyesha inavyooza. Walibertari, ambao hawakubaliani naye kuhusu mali, walikiingiza kitabu hicho kwenye orodha yao ya heshima, na walifanya haki.

Eric Frank Russell alishaligusa jambo hili kwa ufupi mwaka 1951, katika hadithi ya sayari ambayo watu wake hujibu kila amri kwa kusema hawataki, na hulipana kwa wajibu badala ya fedha. Mvivu anayechukua bila kurudisha hukosa wa kushughulika naye. Utaratibu huo hufanya kazi pale watu wanapofahamiana. Mji wenye wageni wengi utaushinda.

Kabla yao wote kuna Mrusi Yevgeny Zamyatin, mhandisi wa meli, aliyebuni nchi yenye nyumba za vioo na ratiba moja ya saa kwa raia wote. Riwaya yake ilitoka kwa Kiingereza New York mwaka 1924, lakini kwao haikuchapwa hadi 1988, yeye akiwa amefariki Paris tangu 1937.

Nasi tunaye wetu. Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini bila kesi mwaka 1986 nchini Kenya, alitoa Walenisi mwaka 1995. Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani, ananusurika, anafika katika jamii isiyo na mabwana. Ningetamani kisomwe pamoja na Heinlein na Le Guin: mmoja anamwamini mwenye mali, mwingine hamwamini, na Mkangi anakuja na swali la udugu. Shuleni hutosha kuwaomba wanafunzi wajaze mambo manne kwa kila jamii: nani anashika chakula, maji na hewa, asiyetii anafanywa nini, anayetaka kuondoka anapitia wapi, na nani anahesabu kura.

Mkataba wa Anga wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kuumiliki Mwezi, na unaifanya kila serikali iwajibike kwa shughuli za kampuni zake huko. Haukusema lolote kuhusu haki za atakayezaliwa ndani ya handaki la kampuni. Kwa tafsiri hatuanzi sifuri: tangu mwaka 1967 tunalo Shamba la Wanyama la George Orwell, lililotafsiriwa na Fortunatus Kawegere. Nawaomba wachapishaji wetu watafute haki za kutafsiri Le Guin na Zamyatin kwa Kiswahili, nanyi mtenge nafasi ya kuvijadili vitabu hivyo sura kwa sura.

Wenu,
Msomaji, Tanga