Heri ya Laetare: salamu za Dominika ya Furaha, na njia ya kufika Stavelot

Ndugu zetu mlioko Liège, Bruxelles, Bujumbura na Lubumbashi, heri ya Dominika ya nne ya Kwaresima. Padre anavaa rangi ya waridi, maua yanarudi altareni, mfungo unapata pumzi. Mliopo Ubelgiji, sikukuu hii iendeeni Stavelot, mji mdogo wa Ardenne, eneo la vilima na misitu, mkaone karnivali yake, sherehe ya barakoa na maandamano.

Mji umekaa bondeni mwa mto Amblève, unaoingia Ourthe, nao Ourthe unaingia Meuse pale Liège. Mtakatifu Remacle alianzisha monasteri hapa karibu mwaka 650. Wenyeji husimulia kwamba mbwa mwitu alimuua punda wake, naye akambebesha mnyama yuleyule mawe ya ujenzi. Monasteri pacha ilikuwa Malmedy, kama kilomita 8 tu, na abati mmoja alizitawala zote mbili pamoja na nchi yake hadi Wafaransa walipoitwaa mwaka 1795. Mwaka 1815 pacha wakatenganishwa: Malmedy ikaenda Prussia, Stavelot ikaenda Uholanzi, kisha ikawa ya Ubelgiji, nchi hiyo ilipojitenga na Uholanzi mwaka 1830. Wakawa tena nchi moja baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Wageni hukosea tarehe ya karnivali. Karnivali ya Malmedy, Cwarmê, huchezwa kwa siku 4 za mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, Jumamosi hadi Jumanne. Ya Stavelot husubiri Laetare, siku 21 kabla ya Pasaka. Mwaka 2027 Pasaka ni Machi 28, kwa hiyo maandamano ni Jumapili Machi 7, alasiri.

Hapo ndipo wanapotoka Blancs Moussis, yaani waliovaa meupe kwa Kiwalonia, lugha ya wenyeji: joho jeupe lenye kofia, barakoa yenye pua ndefu nyekundu. Inasemekana abati mmoja, miaka ya 1500 hivi, aliwakataza watawa kuingia kwenye sherehe za mji, na watu wakavaa kitawa ili wenzao wasikosekane. Mkononi wana kibofu cha nguruwe kilichopulizwa na kukaushwa. Kikikupata mgongoni kinalia paa! lakini hakiumizi. Huchokoza watu pia kwa heringi, samaki wa Kwaresima. Vaeni koti lenye kofia na mfunge zipu hadi kidevuni, maana chenga za karatasi wanazorusha zikishaingia shingoni hazitoki hadi mvue nguo. Simu itieni kwenye mfuko wa plastiki. Na msimnyang'anye mtu kibofu chake.

Stavelot haina stesheni. Shukeni Trois-Ponts, kwenye reli ya Liège–Luxembourg, halafu basi au teksi. Angalieni ratiba ya Jumapili mapema, kwa kuwa mabasi huwa machache. Msidanganywe na jina la Spa, mji mwingine wa jirani: uwanja wa mbio za magari wa Spa-Francorchamps uko upande huu, kwani Francorchamps iliunganishwa na Stavelot mwaka 1977.

Asubuhi ingieni kanisa la Mtakatifu Sebastiani mkaone sanduku la masalia ya Remacle, kazi ya karne ya 13, refu kupita mita 2. Kisha teremkeni hadi daraja la Amblève. Desemba 1944 wanajeshi wa SS, kikosi cha Wanazi wa Ujerumani, waliua raia zaidi ya 100 mjini na vijiji vya jirani, wengi wao wanawake na watoto, na Wamarekani wakalilipua daraja hilo ili kuwazuia. Waombeeni hapo kabla ngoma hazijaanza.

Laetare njema kwenu nyote, na Mungu awafikishe Pasaka salama.