Risala ya akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Nkuhungu, Dodoma, kwa Mgeni Rasmi siku ya mgao wa mwaka

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu wa Viti Maalumu,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa pamoja na wajumbe wako,
Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata,
Viongozi wetu wa dini,
Akina mama na akina baba mliokuja kula na sisi, itifaki imezingatiwa.

Mbukwenyi!

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuja mwenyewe. Tulishajiandaa kupokea mwakilishi, na vigelegele tungempigia vilevile, lakini leo vimetoka kwa nguvu zaidi, umesikia.

Kikundi hiki kilianza na akina mama wa uchochoro mmoja. Wapo wanaouza mboga, maandazi na chapati, wapo wanaokopesha vitenge, wawili wana vishamba vya zabibu Mpunguzi, na wapo mabinti wanaofanya kazi za ndani Area D. Kila Jumamosi tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii, aliyechelewa anapigwa faini, kisha sanduku linafungwa kwa kufuli tatu na funguo zinakwenda kulala nyumba tatu tofauti. Leo sanduku linafunguliwa tugawane. Mahesabu yapo mezani na mweka hazina atakuonyesha. Sitayasoma kwa sauti, maana naona waume zetu wamekaa mstari wa mbele na wanasikiliza kwa makini kuliko kawaida yao.

Mafanikio yapo. Kuna aliyeezeka, kuna aliyenunua cherehani, kuna aliyemtoa mumewe hospitali kwa fedha za mfuko wa jamii. Watoto wetu wanasoma bila ada hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na hadi kidato cha sita tangu mwaka 2022, na hilo tunalisema mbele yako kwa shukrani, ingawa sare, madaftari na mchango wa uji bado vinatuita kila Januari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Tulipokaa kuandika risala hii kulikuwa na pendekezo la kukuorodheshea changamoto: mtaji mdogo, masoko, elimu ya ujasiriamali. Tukaona orodha hiyo umeshaisikia kila ulikoalikwa. Sisi tuna jambo moja tu. Watu wa kipato chetu tunanunua kila kitu kwa kupimiwa, na cha kupimiwa siku zote ni ghali. Halafu sera nyingi zinazopitishwa zinatukuta palepale tunapopimiwa, zinatukata hapohapo.

Chukua maji. Nyumba nyingi za mtaa huu hazina bomba, na zenye bomba zinapata kwa zamu. Anayekanda chapati anayataka maji saa kumi alfajiri, hawezi kusubiri siku ya zamu. Anamwita kijana wa mkokoteni. Kiangazi kikikolea, dumu la lita 20 ni shilingi 500. Uniti moja kwenye mita ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50, kwa hiyo uniti ya mama chapati ni shilingi 25,000. Mwenye bomba ndani, anayemwagilia maua na kuosha gari, uniti hiyohiyo anailipia kipande kidogo tu cha fedha hizo. Kijana wa mkokoteni hatumlaumu, jua la Dodoma analijua yeye. Tunachouliza ni kwa nini kwenye mji unaotegemea visima vya Mzakwe, ambao umefurika watu tangu Serikali ilipotangaza kuhamia hapa mwaka 2016, maji yanatangulia kufika kwenye nyumba mpya zenye uzio kabla ya mitaa iliyokuwepo tangu zamani.

Chukua umeme. Hapa naomba utuvumilie kidogo, kwa sababu jambo hili limetuchukua vikao vingi kulielewa, na anayelielewa vizuri kati yetu ni Mama Mwenyekiti peke yake.

Kodi ya majengo ilianza kukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, mwezi Agosti 2021. Nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, baadaye ikawa 1,500. Jengo ni la mwenye nyumba. Anayenunua LUKU ni mpangaji. Tuliambiwa wakati ule kwamba mpangaji aelewane na mwenye nyumba wakatane kwenye kodi ya chumba. Mheshimiwa, wewe ni mama mwenzetu. Mpangaji wa chumba kimoja, aliyetoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na anaomba Mungu isipandishwe, ataanzia wapi kumwambia baba mwenye nyumba wakatane 1,500? Tarehe mosi unaingiza LUKU ya 2,000 ili mtoto apate taa ya kusomea, inakatwa 1,500, unabaki na umeme wa 500. Anayeingiza ya 50,000 haoni hata kama amekatwa.

La pili kwenye umeme ni hili. Kuna bei nafuu ya uniti iliyowekwa kwa ajili ya mtumiaji mdogo, shilingi 100 kabla ya makato, kwa mwenye matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka hapo unapanda hadi 350. Nia ni njema kabisa. Lakini nyumba zetu za kupanga ni vyumba sita au saba kwenye mita moja. Familia sita, kila moja na taa yake, redio yake na pasi ya siku ya Jumapili, mita inazihesabu kama mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Nafuu iliyoandikwa kwa jina la mnyonge inamwangukia bwana anayeishi peke yake na mita yake, anayeshinda kazini na kula hotelini. Aliyeandika utaratibu huu hakuwa na nia mbaya, ila pengine hajawahi kupanga chumba uswahilini.

Gesi tutapita haraka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Tunaukubali, moshi tunaujua machoni na vifuani. Lakini mkaa unauzwa kwa kopo, na mtungi mdogo kuujaza tu ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mara moja. Anayepata riziki kwa siku hawezi kupika kwa fedha za mwezi. Gesi ya kupimiwa ikifika mtaani, makopo ya mkaa yatakwisha yenyewe, hakuna haja ya kumtishia mtu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Kwenye mikopo ndipo tunapoumia zaidi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Aprili 2023 mikopo hiyo ikasimamishwa nchi nzima kwa kuwa fedha nyingi zilikuwa zimekwenda kwenye vikundi hewa na hazirudi, ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Hatupingi kusafisha. Lakini aliyeunda kikundi hewa alishakula na kuondoka, na aliyekaa zaidi ya mwaka akisubiri ni mama mwenye genge.

Na akisubiri, anakopa wapi? Anakwenda kwa kausha damu, mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Kisheria wakopeshaji wenye leseni wana kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mtaani kausha damu anakupa 100,000 leo, anakata hela ya fomu juujuu, na unaanza kurejesha kesho yake asubuhi kila siku, wiki tano au sita, hadi umerudisha 130,000. Ukikwama wanakuja wanne, wanabeba godoro na subwoofer mbele ya watoto. Mwenzetu mmoja, tusimtaje, alibebewa friji aliyokuwa anauzia barafu na juisi ya ubuyu. Friji ndiyo iliyokuwa inalipa deni. Baada ya kubebwa deni likabaki, na cha kulilipia hakipo. Huyo huyo fomu yake ya mkopo wa asilimia 10 ilikuwa imelala kwenye ofisi moja, ikisubiri saini ya mtu aliyekuwa safarini.

Utaratibu mpya wa maombi ni wa mtandaoni. Vizuri, mtandao hauombi chai. Lakini wengi wetu tuna simu za tochi, kwa hiyo tunamlipa kijana wa steshenari atujazie, akikosea tunamlipa tena.

Kuna jambo linatupa moyo, nalo ni tozo ya miamala ya simu. Ilipoanza Julai 2021 ilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, ikiwa juu ya ada ya kampuni ya simu. Binti wa kazi za ndani alikuwa akituma kidogo kidogo kwa mama yake Bahi au Kondoa, kila akituma anakatwa, na mama akitoa anakatwa. Watu walilia, redioni, kanisani, msikitini, kwenye daladala. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikashushwa tena. Kwa hiyo tunajua kwamba kilio kikifika, kinafanyiwa kazi. Tatizo ni kwamba kinafika baada ya sheria kupita, na miezi ile tuliyokatwa haijarudi.

Hatusemi nchi haina maendeleo. Treni ya umeme inaingia Dodoma tangu mwaka 2024, Mji wa Serikali wa Mtumba unang'aa, barabara za mzunguko zinajengwa. Benki ya Dunia ilituweka uchumi wa kati wa chini mwaka 2020. Utafiti wa Serikali yenyewe wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha kuwa asilimia 26.4 ya Watanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, vijijini 31.3 na mijini 15.8. Uchumi unakua, kila mwaka tunasomewa hivyo. Sisi tunauona ukuaji huo ukipita Barabara ya Bahi.

Wazee wetu Wagogo walio hapa wana lao pia, wameniomba nilichomekee. Tangu mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yaje Dodoma, mji umekuwa ukiwafuata mashambani. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ilivunjwa mwaka 2017, hati za miaka 33 zikaelekezwa ziwe za miaka 99, na hilo liliwapa nafuu wenye viwanja. Mwenye shamba alilipwa mara moja tu. Kiwanja kilichokatwa kwenye shamba lake kimeshauzwa mara tatu, na kila mara bei inapanda. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinasema fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Babu mmoja hapa anasema hayo matatu hajawahi kuyaona yamekutana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya.

Tunaomba vituo vya kuchotea maji mitaani kwetu, viuze dumu kwa bei ya mita, na gharama ya kuunganishiwa bomba ilipwe kwa awamu. Kodi ya majengo tunaomba itafutiwe njia ya kumfikia mwenye jengo mwenyewe, na pale familia nyingi zinapotumia mita moja, zile uniti 75 ziangaliwe upya. Kwa mikopo ya halmashauri, kila ombi liwe na siku ya mwisho ya kujibiwa, hata jibu likiwa hapana, ili mtu ajue moja. Afisa Maendeleo wetu anajitahidi na tunamshukuru, lakini kata nzima anaizungukia kwa miguu. Tunaomba apatiwe pikipiki.

Na ombi la mwisho linakuhusu wewe binafsi. Kila mwaka mwezi Juni, baada ya bajeti kusomwa, Kamati ya Bajeti ya Bunge hukaribisha wadau watoe maoni kuhusu Muswada wa Sheria ya Fedha. Wenye viwanda wanakwenda, wafanyabiashara wakubwa wanakwenda, wanatoka Dar es Salaam wanalala hoteli, wanakwenda na wataalamu wao wa kodi. Ni haki yao. Sisi tunaishi daladala moja kutoka Bungeni na hatujawahi kuingia kwenye ukumbi huo. Tunaomba mwakani utujulishe tarehe mapema, utusaidie taratibu za kuingia getini, tutume wajumbe wawili. Nauli tutajitolea wenyewe kwenye mfuko wa jamii. Tumeshawachagua: ni Mama Mwenyekiti, kwa sababu ya hesabu za LUKU, na yule mwenzetu wa friji, kwa sababu amekubali kulisimulia mwenyewe. Watakwenda na risiti zao za LUKU kwenye mfuko wa rambo, wameanza kuzitunza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii tutakuomba ufungue sanduku, kisha tutakula. Kuna ugali wa uwele na mlenda kwa wenyeji, pilau kwa wageni, na zabibu za Mpunguzi kwa wote.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Kikundi,
kwa niaba ya wanachama wote