Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Jukwaa, Malango na Ada

Wazee wetu waasisi, wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za mchana.

Kwanza tumshukuru Mungu kwa kutufikisha hapa. Wenzetu wanne wametangulia mbele za haki mwaka huu, na nawaomba tusimame dakika moja kuwakumbuka kabla sijaendelea.

Ahsanteni. Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Ligi ya vijana ilichezwa na timu 12 na ikaisha salama. Bonanza la Pasaka lilifanyika. Nyasi za goli la kaskazini zimepandwa upya, vibanda vyote 18 vya barabarani vina wapangaji, na usafi wa Jumamosi ya kwanza ya mwezi unaendelea, ingawa wanaokuja na majembe ni wale wale kila mwezi. Taarifa ya fedha mweka hazina ataisoma baada yangu.

Nije kwenye jambo lenyewe. Mkutano Mkuu wa Desemba 2023 ulipitisha mchoro wa jukwaa la watazamaji 640 kwenye uwanja wetu wa mpira. Jukwaa lililosimama leo linachukua watu 500. Wamepungua watu 140, na gharama imepanda kutoka shilingi 58,900,000 hadi shilingi 63,450,000. Takwimu hizo hazina ubishi na sikumficha mtu. Yamesemwa mengi vijiweni, mengine yakiwa na jina langu ndani yake, na leo nataka niyajibu mbele ya wote.

Wengi wenu hamkuwepo uwanjani Jumapili ya tarehe 17 Novemba 2024. Mimi nilikuwepo. Kipindi cha pili mvua ya vuli ilishuka ghafla, ile ya upepo, na watu wote wakakimbilia lango la barabarani. Lango lile lilikuwa la mabawa mawili, yote yakifungukia ndani. Bawa moja lilikuwa limefungwa kwa mnyororo na kofuli, na ufunguo alikuwa nao mlinzi aliyekuwa upande wa pili wa uwanja. Kijana wa kwanza kufika alishika bawa la pili alivute, akakosa nafasi ya kulivutia. Mlango ulimtaka arudi hatua moja nyuma, na watu mgongoni mwake walimsukuma mbele. Nilimwona mama mmoja akimnyanyua mtoto juu ya kichwa na kumpitisha kwa mtu aliyekuwa amepanda ukutani. Tulipiga kelele watu warudi nyuma, lakini waliokuwa nyuma hawakusikia kitu kwa kishindo cha mvua juu ya mabati ya vibanda. Kilichotuokoa ni ubovu wa ukuta wetu. Karibu na kibanda namba 7 ulikuwa na ufa, vijana wakaupiga mateke mpaka ukaanguka, na msukumo ukapata pa kutokea. Watu sita walitibiwa. Hakuna aliyefariki.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilirudi peke yangu na futi kamba. Bawa lililokuwa likifunguka lilikuwa na upana wa sentimita 110. Komeo lake la chini lilikuwa limechora nusu duara kwenye udongo, ndani ya uwanja, mchoro wa miaka mingi ambao sote tumeuvuka kila wiki bila kuuona.

Nilimtafuta mhandisi mmoja, mtoto wa mtaa huu, ambaye hakutaka malipo wala jina lake litajwe. Nauli zake nililipa mimi mwenyewe mfukoni, safari tatu, na sijadai. Alinieleza hesabu ambayo wabunifu wa viwanja huitumia, iliyomo katika mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza. Kila mita moja ya upana wa njia hupitisha watu 82 kwa dakika kwenye sakafu tambarare, na 66 kwenye ngazi. Dharura ikitokea, watu wawe wametoka ndani ya dakika 8 kwa kiwango cha juu kabisa. Uwanja wetu ukijaa una watu 1,800. Kwa sentimita 110 wanatoka watu 90 kwa dakika. Hizo ni dakika 20, ndugu zangu, na hapo tumechukulia kwamba hakuna anayeanguka.

Kisha tukafungua mchoro wa jukwaa tulioupitisha wenyewe, nami nikiwa mmoja wa walionyoosha mkono. Mistari 10 ya mabenchi ya zege, watu 64 kila mstari, na ngazi mbili nyembamba za pembeni kabisa. Aliyekaa katikati, ili atoke, avuke magoti ya watu zaidi ya 30. Mhandisi aliweka kalamu juu ya katikati ya mchoro akaniuliza, "Mwenyekiti, huyu anatokea wapi?" Sikuwa na jibu.

Basi nafasi 140 zimekwenda hivi. Mstari mmoja mzima, watu 64, umegeuzwa njia ya kupita kwa mlalo. Ngazi mbili za kati, kila moja mita 1.2, zimekula nafasi 45 katika mistari tisa iliyobaki. Nafasi 31 za mbele zimeachwa wazi kwa wenye viti vya magurudumu na wazee wasioweza kupanda, na kwa hili sitaomba radhi, kwa sababu kuna waasisi wa chama hiki ambao kwa miaka sita walikuwa wakiangalia mechi kupitia tundu la uzio. Fedha iliyoongezeka ni shilingi 3,150,000 kwa malango matatu mapya, na 1,400,000 kwa ngazi na vyuma vya kushikilia. Jumla 4,550,000. Risiti zote ziko kwenye jalada la kijani mezani kwa katibu. Anayesema nimekula, jalada lile pale.

Nimeambiwa kwamba wenzetu duniani wanajenga viwanja vya kupendeza na sisi tumejenga milango. Nimezipokea picha zenu kwenye simu: Allianz Arena ya Munich na ngozi yake ya mito ya plastiki iliyojazwa hewa, inayowaka nyekundu usiku, uwanja wa Tottenham uliofunguliwa mwaka 2019, wenye jukwaa moja la kusini la watu 17,500, na viwanja vipya vya Arusha na Nairobi kwa ajili ya AFCON ya 2027. Ni vizuri sana, na mimi navipenda kuliko wengi wenu. Lakini kinachopigwa picha ni paa. Kazi kubwa ya mbunifu iko chini ya paa, kwenye ngazi, korido na milango, mahali ambapo hakuna anayepeleka kamera. Warumi walilijua hili karibu miaka 2,000 iliyopita. Kolosai ya Roma ilikuwa na matao 80 ya kuingilia na kutokea, na 76 kati yake yalichongwa namba, ili kila mtu ajue apitie wapi. Namba 1, 2 na 3 mnazoziona zimepakwa rangi ya njano kwenye malango yetu, ambazo baadhi walisema ni kuharibu rangi, chanzo chake ni hicho.

Na pale ambapo mlango umesahauliwa, mnajua kilichotokea. Accra, Mei 2001, polisi walipiga mabomu ya machozi, watu wakakimbilia malango wakakuta mengine yamefungwa, na zaidi ya watu 120 wakafa. Malang, Indonesia, Oktoba 2022, watu 135. Yaoundé, Januari 2022, kwenye uwanja mpya kabisa wa Olembe wa watu 60,000, walikufa wanane nje ya lango lililopaswa kuwa wazi, na aliyesema lilikuwa limefungwa ni Rais wa CAF mwenyewe, Patrice Motsepe. Hapa nyumbani, Machi 2021, tuliwapoteza watu 45 katika msongamano kwenye Uwanja wa Uhuru siku za kumuaga Rais Magufuli. Kuna mwanachama mwenzetu aliyekuwa pale. Yeye hajawahi kuniuliza kwa nini nimepunguza nafasi 140.

Sasa suala la ruhusa. Inasemwa Mwenyekiti aliamua peke yake. Niliitisha mkutano wa dharura Jumamosi ya tarehe 8 Februari. Wanachama ni 212, akidi ni 71, walifika 38. Nikaitisha tena Jumamosi iliyofuata, tarehe 15, na gari la matangazo lilipita mtaani siku mbili. Walifika 44. Mkandarasi alikuwa amepanga kumwaga zege Jumatatu, na zege likishakauka halirudi. Jumapili jioni Kamati Tendaji ilikaa, wajumbe saba kati ya tisa, watano wakaunga mkono, wawili wakapinga. Katiba yetu inaipa Kamati mamlaka ya kuamua jambo la dharura kati ya mkutano na mkutano. Wapo wanaosema mabadiliko ya mchoro si dharura. Nawaheshimu, lakini naomba waniambie dharura inaanza lini, wakati wa kumwaga zege au wakati wa kubeba majeruhi. Waliopinga kwenye Kamati wamo humu na watasema yao. Mimi nilipiga kura ya ndiyo, na mkinirudisha usiku ule nitaipiga tena.

Nakubali hasara ipo. Nafasi 140 kwa kiingilio cha shilingi 2,000 ni shilingi 280,000 kila uwanja unapojaa. Mwaka huu ulijaa mara tano, kwa hiyo ni shilingi 1,400,000 ambazo hatukuzipata.

Kuhusu uzio wa waya kati ya jukwaa na uwanja, niliuondoa mimi. Mwaka 1989 pale Hillsborough, mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha kwa kubanwa kwenye vizimba vyenye uzio wa aina hiyo mbele yao. Baada ya ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 Waingereza waling'oa uzio ule, kwa sababu sehemu salama ya kukimbilia ni nyasi. Ni kweli watoto wameingia uwanjani mara mbili wakati wa mechi, na refa alikasirika. Tumeweka vijana wanne wenye fulana za njano.

Jukwaa lilipokamilika tulilipima. Walimu wa shule ya msingi jirani walituletea wanafunzi 300, tukawakalisha, katibu akapuliza filimbi na mimi nikashika saa ya simu. Wa mwisho, msichana mdogo aliyesimama kufunga kamba ya kiatu, alikanyaga chini baada ya dakika 1 na sekunde 56. Malango mapya yana upana wa mita 2.4 kila moja na yote yanafungukia nje. Kwa hesabu ya mhandisi, uwanja mzima unatoka kwa dakika 3 na kidogo, na hata lango moja likizuiwa na moto, ni dakika 5 kasoro. Kutoka dakika 20. Siku ile ya majaribio niliwaalika wanachama wote. Walikuja 19.

Niguse na upande wa magharibi. Walioulalamikia walitaka jukwaa liwe mashariki, lionekane barabarani. Mechi zetu ni za saa kumi jioni. Ukikaa mashariki unatazama jua hadi filimbi ya mwisho, na ndiyo maana jukwaa kuu la viwanja vingi huwekwa magharibi. Na kila mstari umeinuliwa kwa kipimo: fundi alifunga uzi kutoka jicho la mtu aliyekaa nyuma hadi ukingo wa uwanja, tukahakikisha unapita sentimita 9 juu ya jicho la aliyekaa mbele yake.

Ndugu wanachama, ada. Ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi. Waliolipa yote ni 79, nusu 46, na 87 hawajalipa hata senti. Tulitarajia 5,088,000, tumepata 2,448,000. Pengo ni 2,640,000, karibu mara mbili ya ile hasara ya viingilio ninayosutwa nayo. Linaniuma, kwa sababu nilipopitia orodha, sauti nyingi zilizopazwa kuhusu jukwaa nilizikuta kwenye hao 87. Sitataja majina. Daftari liko wazi.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuanza paa la mabati juu ya jukwaa, kuongeza vyoo vya akina mama, na kuangalia uwezekano wa taa. Tunazungumza na wafadhili na tuna matumaini.

La mwisho ni la utekelezaji. Kuanzia sasa, siku ya mechi kofuli za malango yote matatu zinavuliwa na kuwekwa ofisini saa mbili kabla ya mpira kuanza. Atakayekuta kofuli langoni wakati wa mchezo anipigie simu hapo hapo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti