Spika ndefu hazifai kubanwa kwenye kona

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala ya mapambo ya nyumba iliyotoka katika toleo lenu la Jumamosi iliyopita, ambayo, pamoja na mengi mazuri iliyosema kuhusu mapazia na rangi za kuta, iliwashauri wasomaji wenye spika ndefu za kusimama sakafuni wazisukume hadi kwenye kona mbili za sebule, wazibane ukutani ili nyaya zisionekane, kisha waweke juu yake kitambaa cha kufuma na chungu cha maua. Sababu iliyotolewa ni kwamba kona huongeza besi. Hilo ni kweli kabisa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nimekuwa fundi wa redio na amplifaya hapa Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini. Malalamiko ninayoletewa mara nyingi kuliko yote si ya mashine iliyokufa, bali ni ya muziki unaovuma: maneno ya mwimbaji hayasikiki vizuri, noti moja ya gitaa la besi inatikisa vioo vya dirisha huku noti iliyo jirani nayo haisikiki kabisa, na mwenye mali ameshauriwa anunue amplifaya yenye wati nyingi zaidi au aongeze sabufa. Huipima amplifaya mezani nikaikuta nzima. Nikienda nyumbani kwa mteja nakuta spika mbili za bei kubwa zimesimama konani kama walinzi, na nikizivuta hatua moja mbele nusu ya ugonjwa hupona palepale, bila malipo ya vipuri.

Sauti nyembamba, kama ile ya matoazi, hutoka kwenye twita, yaani kile kipaza sauti kidogo cha juu ya boksi, ikaenda mbele karibu kama mwanga wa tochi. Besi haina tabia hiyo. Wimbi la hezi 50, yaani linalotikisika mara 50 kwa sekunde, lina urefu wa takriban mita 7, na boksi lenye upana wa sentimita 20 au 25 haliwezi kulielekeza upande wowote. Wimbi hulizunguka boksi, likatawanyika pande zote, likagonga ukuta na kurudi. Ukuta ukiwa karibu sana, wimbi linalorudi na lile linalotoka huwa bado yanakwenda pamoja, hivyo nguvu zake hujumlishwa. Kila uso mkubwa ulio karibu na spika unaweza kuongeza hadi desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) katika masafa ya chini kabisa. Sakafu tayari ipo, na mtengenezaji wa spika za aina hii aliizingatia tangu mwanzo. Anayezipeleka konani huziongezea kuta mbili kwa mpigo. Ili msomaji apate picha ya ukubwa wa nyongeza hiyo, anayetaka kupata desibeli 6 kutoka kwenye amplifaya hana budi kuzidisha wati mara nne.

Mtu anaweza kusema kwamba besi ya bure si ya kukataa. Nami nisingeikataa kama kona ingekuwa inaongeza besi yote kwa usawa, lakini sivyo ilivyo, kwa sababu chumba nacho kina noti zake. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika joto letu. Katika sebule yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, wimbi la karibu hezi 34 huenea sawasawa kati ya kuta mbili za mwisho, na lile la karibu hezi 43 kati ya kuta za ubavuni, kiasi kwamba kila moja hukaa pale likijirudia hata baada ya mpiga gitaa kuinua kidole. Uzi mnene wa gitaa la besi ukiachwa wazi hutoa hezi 41. Hapo ndipo noti moja inapolipuka na zile za jirani zikafifia. Sebule ya mraba, ambayo mafundi wetu wa ujenzi wanaipenda mno, ina balaa zaidi, maana kuta zote nne hushangilia noti ileile. Mawimbi haya yote yana msukumo mkubwa kuliko kwingine kokote kwenye kona, kwa hiyo spika iliyowekwa pale huyaamsha yote kwa pamoja. Na msikilizaji ambaye kochi lake limegusa ukuta wa nyuma amekaa mahali pengine penye msukumo mkubwa, kwa hiyo anapata besi iliyozidishwa mara ya pili. Kuta za matofali ya saruji na sakafu ya marumaru haziimezi besi hiyo. Huirudisha karibu yote.

Haki itendeke: zipo spika zilizobuniwa makusudi kwa ajili ya kona. Paul Klipsch wa Marekani alianza kuuza Klipschorn mwaka 1946, na katika muundo wake kuta za chumba ni sehemu ya tarumbeta inayotoa besi, hata ikitolewa konani inapungukiwa. Lakini spika hiyo ni pana kama kabati na nyuma yake imechongwa pembe ili iingie konani. Zile ndefu na nyembamba ambazo wasomaji wengi wa gazeti hili wanazo, mpya au za mtumba, si za ukoo huo. Nyingi zina tundu la hewa mgongoni, na tundu hilo likizibwa na ukuta au pazia zito, besi hubadilika tabia. Wenye spika za namna hii ambao hawana nafasi kabisa ya kuzitoa ukutani wanaweza kupunguza mvumo kwa kuziba tundu hilo kwa sponji laini au soksi safi iliyokunjwa, na si vibaya kuliangalia kila baada ya muda, kwani nimewahi kutoa humo mijusi, mende na kalamu za watoto.

Tatizo ni kwamba hakuna umbali usio na kasoro. Wimbi linalotoka mbele ya spika iliyo mita 1 kutoka ukuta wa nyuma hukutana na lile lililorudi kutoka ukutani, na katika takriban hezi 86 moja hupanda wakati jingine linashuka, hivyo yanafutana na kuacha pengo. Ukisogeza spika hadi nusu mita, pengo huhamia hezi 172 hivi, ambako sauti ya mwanamume anayezungumza ina uzito wake. Dawa ni kutoruhusu mapengo yaangukie mahali pamoja: umbali kutoka ukuta wa nyuma usilingane na ule wa ukuta wa ubavuni, na wala usilingane na urefu wa wufa, yaani kile kipaza sauti kikubwa cha besi, kutoka sakafuni. Mengine hupatikana kwa sikio. Mimi huanza spika zikiwa karibu na ukuta, nafungulia taarifa ya habari, kisha nazivuta mbele sentimita tano tano huku nikimsikiliza msomaji. Mahali fulani sauti yake huacha kutoka kama mtu aliyeingiza kichwa kwenye pipa. Hapo nabandika selotepu sakafuni.

Kuhusu nafasi kati ya spika na spika, makala haikusema lolote, ingawa hapo ndipo maana ya kuwa na spika mbili ilipo. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, sauti yote ilinaswa katika mkondo mmoja, kwa hiyo anayepiga nyimbo hizo leo hapotezi kitu kikubwa spika zikiwa zimepishana. Mwezi Desemba 1931, Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya kurekodi muziki ya EMI nchini Uingereza, aliomba hataza ya kurekodi kwa mikondo miwili, na muziki mwingi uliorekodiwa tangu miaka ya 1960 unategemea kwamba masikio yatafikiwa na mikondo hiyo kwa wakati mmoja. Spika mbili na msikilizaji wafanye pembetatu ambayo pande zake zinakaribia kulingana. Spika moja ikiwa karibu nawe kwa nusu mita kuliko mwenzake, sauti yake inatangulia kwa takriban milisekunde 1.5, na hiyo inatosha kumhamisha mwimbaji kutoka katikati akaenda kujificha nyuma ya spika hiyo. Zikiwa mbali mno, kona hadi kona, katikati hubaki shimo na orkesta nzima inagawanyika makundi mawili yasiyojuana. Kuzigeuza kidogo zimtazame msikilizaji husaidia, na twita iwe karibu na usawa wa sikio la mtu aliyeketi, yaani sentimita 90 hadi 100, jambo ambalo spika ndefu nyingi hulitimiza zenyewe. Baada ya kuzihamisha, nyaya zikaguliwe, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, katika spika zote mbili. Waya mmoja ukigeuzwa besi hutoweka na mwimbaji hana mahali pa kusimama.

Kuta za ubavuni nazo huleta nakala ya pili ya kila sauti. Mtu akae kwenye kochi lake, mwenzake atembeze kioo cha kujitazamia ukutani kwa urefu wa sikio. Mahali ambapo aliyeketi anaiona twita ndani ya kioo ndipo sauti inapogonga kabla ya kumfikia. Kabati la vitabu au pazia zito la mikunjo mahali hapo litafanya kazi. Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipotakiwa mwaka 1895 atafute kwa nini ukumbi mmoja wa mihadhara haukusikika, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapima jinsi mwangwi ulivyopungua kwa kila mito aliyoongeza. Zulia nene mbele ya spika, juu ya marumaru, ni mto wa aina hiyo. Mkeka wa ukindu, kwa uzuri wake wote, ni mwembamba mno kwa kazi hii, na hata zulia huishika sauti nyembamba tu; haliigusi besi, ambayo dawa yake inabaki kuwa mahali spika ziliposimama.

Najua pingamizi litakalokuja, maana nimelisikia kwa mama watoto wangu: sebule ni ya wageni, wala haiwezekani wageni wazunguke nguzo mbili kila wanapoelekea kwenye chai. Tulikubaliana hivi. Chini ya kila spika nimeweka kipande cha zulia kilichogeuzwa manyoya chini, ili spika ya kilo 22 iteleze bila kukwaruza vigae. Siku za kawaida zinakaa karibu na ukuta. Usiku ninapotaka kusikiliza, nazivuta hadi kwenye alama za selotepu, na nikimaliza nazirudisha. Anayependa kuziacha zimesimama juu ya misumari ya kitako chake aweke sarafu ya shilingi mia mbili chini ya kila msumari, na kama nyumba ina mtoto anayejifunza kutembea, ahakikishe kwanza kwamba kitako cha spika ni kipana, kwa kuwa boksi refu na jembamba huanguka kirahisi.

Chungu cha maua, Mhariri, naomba kiondolewe kabisa. Spika inayotikisika humwaga maji kidogo kidogo, maji hupenya kwenye maungio ya mbao, na mbao za kubandika zikishavimba hazirudi.

Nitashukuru iwapo mchoro uliochapishwa pamoja na makala ile utatolewa upya ukionyesha spika zikiwa zimetoka ukutani. Kama vipimo vya nyumba ya kweli vitamsaidia mchoraji, vya kwangu, katika sebule ya mita 5 kwa 4, ni hivi: kutoka uso wa spika hadi ukuta wa nyuma sentimita 70, kutoka katikati ya spika hadi ukuta wa ubavuni sentimita 90, katikati ya wufa iko sentimita 40 juu ya sakafu, spika na spika zimeachana mita 2.2, na kiti changu kiko mita 2.8 kutoka kila moja, meza ya chakula ikiwa nyuma yangu badala ya ukuta.

Wako,
Fundi redio,
Tanga